Moto Mfukoni mwa Mkwe

Kupima moto wa pasi kuna wanaolowesha kidole kwa mate wakagusa, na kuna wanaongoja kitaa cha kwenye mpini kizime. Mama Pasi hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliinua pasi, akaisogeza karibu na shavu lake la kushoto bila kugusa, kama mtu anayetaka kunong'onezwa jambo, kisha akasema, "Bado," au, "Hii ya kitani," au, "Ngoja, itaunguza hariri." Shavu hilo lilikuwa limekolea weusi kidogo kuliko lenzake. Binti yake, alipokuwa mdogo, aliamini kwamba kila mama ana shavu moja la kazi na jingine la kubusiwa.

Alianza na pasi ya mkaa, enzi ambazo dobi alipuliza majivu kwa mdomo na kurudi nyumbani na kope nyeupe. Baadaye ikaja ya umeme, baadaye mashine ya kufulia, iliyowekwa pembeni mwa chumba chake cha chini ya ghorofa na kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Miaka yote hiyo moto ulikuwa mwenzake wa kazi. Aliujua tabia zake. Ulitoa moshi kabla ya kuunguza, ulinuka, uliwaka mwekundu, ulitoa ulimi. Haukuwahi kumjia bila kubisha hodi.

Kazi yake nyingine, ambayo hakuilipisha, ilikuwa mifuko. Kabla nguo haijaonja maji, mkono wa Mama Pasi uliingia mfukoni. Alitoa tiketi, vifungo, pipi zilizogandana na karatasi zake, na safari moja jino la mtoto lililofungwa kwenye kitambaa. Kila alichokitoa alikiweka kwenye kibakuli, na kibakuli kilirudi pamoja na nguo bila neno. Aliwahi kukuta hereni ya mwanamke ndani ya koti la bwana mmoja mwenye mke asiyevaa hereni. Aliirudisha akiwa na uso mkavu, ulionyooka kama shati lililotoka mezani.

Na kitu kikimponyoka kikaingia majini, alikikausha. Picha ya marehemu, saa, shanga, alivilaza chini ya kitambaa cha pamba, akapitisha pasi ya vuguvugu, akageuza, akapitisha tena kwa subira ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mtaani walisema Mama Pasi angeweza kukausha hata chozi na likabaki na umbo lake.

Binti yake aliolewa na kinyozi, kijana mpole mwenye vidole virefu ambaye wateja walimwita Mikono Baridi, maana akikushika kisogo ulihisi kama kivuli kimekutulia. Kati ya kijana huyo na mama mkwe wake kulikuwa na heshima nene kama blanketi. Alipokuja kumsalimia alikaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, macho sakafuni. Walizungumza juu ya mvua. Kama hakukuwa na mvua, walizungumza juu ya jua. Mtoto alipozaliwa wote wawili walipumua, kwa sababu sasa palikuwa na jambo la tatu.

Ila anayekufulia nguo anakujua. Mama Pasi alijua mkwe wake anavuta sigara tangu juma la kwanza la ndoa, kwa harufu ya kola, na hakusema kitu. Binti aliposhika mimba, harufu ile ikaondoka. Mahali pake ikaja nyingine, tamu, ya tunda lisilo na mti, kama pipi iliyoyeyushwa hewani. Mama Pasi alinusa kola, akanusa tena, akashindwa kuitambua.

Jibu lilikuja siku ambayo binti alileta nguo na mtoto kwa pamoja. Alikuwa anachelewa kazini, kwenye duka la dawa.

"Mama, nishikie huyu nipumue kidogo."

"Lete mume wangu."

"Mume wako kajikojolea."

"Basi amekuja mahali pake."

Mama Pasi alimpakata mjukuu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akasukuma nguo zote ndani ya mashine. Mtoto alikuwa na tabasamu jipya lenye jino, na bibi yake akawa analitazama hilo jino. Mkono haukuingia mfukoni. Binti alipoondoka na mwanawe, mashine ilikuwa tayari inazunguka, na ndani yake kitu kilikuwa kinagonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa chumbani kimakosa.

Alikikuta chini kabisa, kwenye mfuko wa suruali ya kijivu. Kilikuwa cha chuma cheusi, kirefu kama kidole cha kati, kizito kuliko umbo lake, chenye mdomo mdogo kama wa filimbi. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimelegea. Ndani ilionekana betri ya duara, na gamba lake la plastiki lilikuwa limechanika upande, kama soksi iliyotoboka kisigino. Alikitambua. Alikuwa amewaona vijana wakivuta vitu hivyo vituoni na kutoa mawingu. Vepu, sigara ya umeme. Akakinusa, na lile tunda lisilo na mti likamjia moja kwa moja puani.

Akaona haya kwa niaba ya mkwe wake. Angefanyaje? Kumkabidhi mwenyewe kungekuwa kumwambia, baba, nimekuona. Kumpa binti kungekuwa kumchongea mtu kwa mkewe, kama mke hajui. Akafanya alichokifanya maisha yake yote. Alikifuta, akakifunga kwenye kitambaa cha pamba, akakilaza mwisho wa meza karibu na kitako cha pasi, akawa anakigeuza. Pasi ilipopungua moto aliipitisha juu ya kitambaa, mara chache, kwa upole. Mwisho akakiweka karibu na shavu. Kilikuwa na joto kidogo, kama yai lililotoka chini ya kuku, kisha kikapoa kabisa. Shavu halikusikia kitu. Akakirudisha mfukoni, akaipiga suruali pasi mpaka mkunjo wa mbele ukawa kama wembe, na binti alipopita jioni akambebesha mfuko wa nguo, akamuuliza kama mtoto amelala.

Hivyo ndivyo heshima ilivyofanya kazi yake, na kila mtu akalala salama kwa muda.

Aliyeivuruga ni fundi wa simu, jirani wa mlango wa tatu, mcheshi mwenye mikono ya mlevi na macho ya sonara. Alikuja kuchukua mashati yake akiwa amechoka.

"Mama Pasi, leo nimezeeka. Mteja kaniletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Unajua alifanya nini? Kaiweka juu ya jiko."

"Si alitaka ikauke?"

"Betri imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nimeitoa kwa koleo la plastiki, nikaipeleka nje nikaifukia kwenye debe la mchanga. Nilitembea kama nimebeba nyoka aliyelala."

Mama Pasi alikuwa anakunja shati. Mikono ikaendelea, ila polepole.

"Betri na maji wana ugomvi gani? Kitu kikilowa si hukauka?"

"Shati ndilo hukauka. Ndani ya betri kuna tabaka mbili nyembamba ambazo hazitakiwi kugusana hata siku moja, na katikati yao kuna kijiutando cha kuzitenganisha. Zikigusana, umeme wote uliomo unataka kutoka kwa pamoja. Maji yakiingia yanakula taratibu. Nje inang'aa, ndani inaoza. Halafu uipashe moto, unaongeza balaa. Halafu mtu aje aiweke kwenye chaji." Fundi aliinua mikono miwili na kufungua vidole vyote kwa pamoja, taratibu, bila sauti.

"Na vile vya kuvuta? Vepu?"

"Kumbe unataka kuanza?"

"Nijibu, baba."

Fundi akamtazama, akaacha utani. "Vile ndiyo usiseme. Betri yake ndogo lakini imeshindiliwa umeme mpaka pomoni. Na watu wanaibebaje? Mfukoni, pamoja na funguo na sarafu, chuma juu ya chuma, shoti inangoja tu. Gamba likichanika hawabadilishi. Chaja yoyote inayoingia wanachomeka. Wanaibeba kama kalamu, mama. Kalamu inayokaa pajani, halafu inakuja mdomoni."

"Ikishaloa, inachukua muda gani?"

"Hakuna ajuaye. Pengine isifanye kitu kabisa. Pengine leo. Ikianza kupata joto bila sababu, au kunuka kama rangi ya kucha, itolewe nje haraka, isishikwe kwa mkono, watu wakae mbali, imwagiwe maji mengi. Mbona umekaa?"

Mama Pasi alikuwa amekaa juu ya rundo la nguo za watu, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alikuwa anauona mfuko wa kulia wa suruali ya kijivu. Chini ya mfuko huo palikuwa na paja, na paja hilo ndilo kiti cha mjukuu wake. Kila jioni mtoto alikalia pale akirukaruka, akimvuta baba yake ndevu. Na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa ameupika moto ule, akaukunjia ndani, akaupiga pasi.

Alimpigia binti yake simu. Ikaita mpaka ikakata. Dukani kwao simu ziliwekwa mbali mpaka zamu iishe. Namba ya mkwe hakuwa nayo. Kuomba namba ya mkwe kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo blanketi lile halikuruhusu.

"Nitunzie duka," akasema, akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Mimi? Akija mteja nimwambie nini?"

"Mwambie bado."

Kinyozi alikuwa na chumba chake ng'ambo ya soko. Mama Pasi alitembea haraka kuliko magoti yake yalivyotaka, na njiani jambo la ajabu likampata. Alianza kuona mifuko. Alikuwa ameiona siku zote ikiwa mezani, mitupu, imegeuzwa nje kama ndimi. Sasa aliiona ikiwa juu ya watu. Yule msichana mwenye vitu masikioni, alikuwa na betri masikioni. Yule mzee wa tochi, yule mwenye simu mbili, yule fundi aliyening'iniza mashine ya kutobolea kiunoni, mtoto mwenye viatu vinavyowaka kisigino akikanyaga, kila mmoja alikuwa amebeba moto uliofungwa kwenye kitu kidogo, akiutembeza katikati ya wenzake, akicheka, akinunua vitunguu. Mji mzima ulikuwa unatembea na moto mifukoni na haukuungua. Ni nani aliyeufunga vizuri hivyo? Na ni mara ngapi kila siku mtu fulani, mahali fulani, anafanya jambo dogo la sawasawa, anachomoa chaja, anabadilisha gamba, anakiondoa kitu kisipigwe jua, na kwa hiyo hakuna kinachotokea, na hakuna anayeshukuru? Alipita katikati ya soko akitazama mapaja ya watu kwa mshangao, na watu wawili watatu wakamtazama yeye vilevile.

Chumba cha kinyozi kilikuwa na kioo kirefu, na alipoingia alijiona mwenyewe kwanza, mama mnene mwenye aproni ya wanga, akihema. Wanaume waliokuwa kwenye benchi walinyamaza. Kitini alikaa mzee mmoja aliyefungwa shuka shingoni, upande mmoja wa kidevu umenyolewa na upande mwingine una povu.

Mikono Baridi alishusha wembe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kuna msiba?"

"Bado."

Jibu hilo halikumtuliza mtu. Mkwe alifuta mikono yake kwa taulo, macho sakafuni kama kawaida. Mama Pasi naye akatazama sakafu. Palikuwa na nywele za watu wengi, nyeusi na nyeupe, na alitafuta neno katikati yake.

"Ile suruali yako ya kijivu," akaanza.

"Ndiyo, mama. Ilitoka vizuri sana. Asante."

"Uliivaa?"

"Ndiyo hii, mama."

Akamtazama pajani. Mkunjo ulikuwa bado kama wembe. "Mfukoni kuna nini?"

Benchi zima likageuza shingo. Shingo ya mkwe ikabadilika rangi. "Hakuna kitu, mama. Leso."

"Baba, nakuuliza vizuri."

"Leso tu, mama." Akaitoa, akaionyesha. Ilikuwa leso kweli.

Hapo Mama Pasi aliona kwamba heshima haina tena pa kupita. Alivuta pumzi. "Kile kitu unachovuta," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyopanga. "Nilikifua. Niliona haya kukuambia. Nikakikausha kwa pasi, nikakirudisha mfukoni. Fundi wa simu anasema kitalipuka. Kiko wapi?"

Mtu mmoja kwenye benchi alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

 Mikono Baridi aligeuka, akatazama chini ya kioo, nyuma ya taulo zilizokunjwa, pale waya wa mashine ya kunyolea ulipoingia ukutani. Kwenye waya huo, badala ya mashine, palikuwa pamechomekwa kitu cha chuma cheusi. Kitaa chake kilikuwa kinapepesa, kinazima, kinapepesa. "Tangu asubuhi kilikuwa hakiwaki," alisema taratibu. "Nikakichomeka."

Alizima swichi ukutani. Alipotaka kukishika, mama mkwe wake alimwahi kwa kumshika mkono, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu siku ya harusi. Akainama mwenyewe na kusogeza shavu la kushoto, mbali, kwa umbali wa unyayo. Haikuhitajika hata hivyo. Joto lilimfikia kama mlango uliofunguliwa, na pamoja nalo harufu ya rangi ya kucha.

"Usiguse. Toeni watu."

Watu hawakungoja kutolewa. Mkwe alichukua kizoleo cha bati alichozolea nywele, akachomoa waya kwa kuuvuta kutoka upande wa ukuta, akakisukuma kile kitu kwa mpini wa ufagio mpaka kikaingia kwenye kizoleo. Vidole vyake virefu havikutetemeka. Alinyoosha mikono mpaka ikaisha, akatoka mlango wa nyuma kwenye ua wa saruji, Mama Pasi akimfungulia njia, akakitua katikati ya ua, akarudi kinyumenyume. Hawakuwa wamefika ukutani kilipoanza.

Kwanza kilitoa sauti, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kisha moshi mweupe ukachomoka kwa nguvu, mwembamba na ulionyooka, kama mvuke wa birika. Kisha kikawaka. Mama Pasi alikuwa ameuona moto wa mkaa na wa kuni na wa mafuta, na mara moja wa nyaya. Huu haukuwa wa ukoo huo. Haukupanda kama moto unavyopanda. Uliruka mbele, mkuki mweupe wenye ukingo wa waridi, mrefu kuliko mkono wake, ukitoka kwenye kitu kisichozidi kidole. Kizoleo kilizunguka chenyewe juu ya saruji kikikwaruza. Cheche zikapiga ukuta na kudunda. Ilikuwa mchana, jua liko juu, na bado kila mtu alipata kivuli cha pili nyuma yake, cheusi kuliko kile cha jua. Palikuwa na mlio mmoja, mkavu, na kipande cha chuma kikaruka kikaanguka karibu na bomba. Kisha kimya.

 Moshi ulipanda taratibu, ukapita juu ya ukuta, ukaenda zake. Mama Pasi alijikuta ameweka kiganja kifuani. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo na ilikuwa inapungua. Kilichokuwa kinakua ni kitu kingine, kile kinachomfanya mtu asimame wima bila kuambiwa. Moto wote ule ulikuwa umelala mezani kwake. Aliuweka shavuni, na shavu, lililojua kila moto, likamwambia hapa hamna kitu.

Mzee wa povu ndiye aliyeokota ndoo, shuka likimpepea mgongoni, akamwaga maji akiwa mbali, akajaza tena, akamwaga tena, mpaka saruji ikaacha kulalamika.

"Mkwe na mama mkwe," akasema, "mnisamehe, sikujua ni mambo ya kifamilia."

Hapo ndipo watu walipocheka, kwa muda mrefu kuliko utani ulivyostahili.

Mikono Baridi alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alikuwa anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mama Pasi akakaa kando yake, jambo lingine ambalo lilikuwa halijatokea.

"Nisamehe, baba. Ningekuua."

"Usiseme hivyo, mama. Kosa ni langu."

"Nani alikipiga pasi?"

"Nani alikiacha mfukoni?" Akaendelea akiwa anatazama ua. "Tena nilijua, mama. Nilipokitoa kilikuwa kinanukia sabuni. Kitu kimelala mfukoni mwangu, kinanukia sabuni, kwenye suruali iliyopigwa pasi namna ile. Nikajua umekiona, nikajua kimelowa. Wanasema ikilowa usiitumie, nalijua hilo, liko mpaka kwenye boksi lake. Ningekuuliza tu, mama, hiki kiliingia majini? Neno moja. Nikaona haya."

"Na mimi niliona haya."

"Nikasema, nikikitupa, atajua kwamba nimejua kwamba amejua."

Mama Pasi alilifikiria jambo hilo. "Tulikuwa tunaheshimiana," akasema.

"Sana, mama."

"Tungemchoma mtoto kwa heshima."

Mkwe akafunika uso wake kwa mikono. Mabega yalikuwa yanatikisika, na Mama Pasi hakujua kama anacheka au analia. Alipoinua kichwa alisema kila kitu, haraka, kama mtu anayemwaga mfuko. Gamba la betri lilichanika zamani, kilipoanguka, na aliliona kila siku. Chaja yake iliharibika, akawa anatumia waya wa mashine ya kunyolea kwa sababu uliingia. Usiku alikiacha kinachaji karibu na mto. Alikinunua ili aache sigara kabla mtoto hajazaliwa, na sigara aliacha kweli, hata moja hajaigusa. Akajiona ameshinda. Hakufikiria tena kwamba bado amebeba kitu.

"Mkeo anajua unavuta hiki?"

"Ndiye aliyenichagulia rangi."

Mama Pasi akamgeukia, akamtazama usoni. Alikuwa na macho mazuri, kumbe. "Sasa sisi wawili tulikuwa tunamficha nani?"

Mkwe akajikuna kisogo, akatabasamu.

"Sikukatazi," Mama Pasi akasema baadaye. "Wewe ni mtu mzima, na mapafu ni yako. Ukiacha, nitafurahi. Ukibeba kingine, ujue umebeba nini. Kisiharibike ukakaa nacho. Na ukiona nimenyamaza, uliza."

"Nawe ukikuta kitu, mama, niambie."

"Nitakuambia mbele ya watu, ukitaka."

"Hapana, mama. Leo inatosha."

Walikiacha ndani ya ndoo ya maji, pale uani, mpaka kikapoa na jua likasogea. Katikati ya hapo mzee alikaa tena kitini na kupata upande wake wa pili, akisema amekwenda vitani akiwa na nusu ya ndevu. Saa za alasiri fundi wa simu alikuja mbio, ameacha duka wazi na amesahau kwamba alipewa alitunze. Aliinama juu ya ndoo, akakitoa kwa koleo lake, akakiweka juu ya bati.

Chuma kilikuwa kimefunguka upande, kama ua. Mama Pasi alivaa miwani yake ya kushonea vifungo na kuinama. Alitegemea kuona kitu kama kaa la moto, au majivu. Aliona kitambaa. Kilikuwa utepe, mwembamba sana, uliokunjwa kwa kuzungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, wa shaba na mweusi, wa shaba na mweusi, umebana hata unyoya usingepita. Sehemu kubwa iliungua. Lakini kwenye kona moja mizunguko ilibaki, imelingana ukingo kwa ukingo, haikupishana hata kidogo.

Alikaa pale akitazama. Alikuwa amekunja nguo za mji huu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijua mkunjo wa haraka na mkunjo wa mapenzi. Hakuwahi kuona mkunjo kama huu.

"Nani anakunja hivi?" aliuliza.

"Mashine, mama," akasema fundi.

"Nayo ilifundishwa na mtu." Akainama zaidi. "Mtu aliukunja moto kama shuka, ukakubali kulala. Halafu sisi tunauweka na funguo."

Fundi alikuwa na debe lake la mchanga dukani, ambamo alikusanya betri zilizokufa mpaka wanaozichukua wapite. Alinyoosha mkono akipokee kitu kile. Upande mwingine, karibu na mlango, kulikuwa na ndoo ya takataka ya kinyozi, imejaa nywele na karatasi, na mmoja wa wale wa benchi akasema kwa nini wanahangaika, tupa humo, kimeshakufa.

"Humo hapana," akasema Mikono Baridi. "Na wewe fundi, acha. Nitakibeba mimi."

Alijaza mchanga mkavu kwenye kopo la rangi, akakilaza katikati, akakifunika kwa mchanga mwingine. Akakopa kipande cha waya akatengeneza mpini, kisha akaona mpini hautoshi, akalishika kopo kwa mikono miwili mbele yake. Mama Pasi akaenda kando yake, na fundi nyuma yao. Walipita sokoni polepole, na watu, bila kuambiwa, waliwapisha njia kama wanavyompisha mtu aliyebeba mchuzi unaofika ukingoni.

Muuza vitunguu, aliyemjua Mama Pasi, alichungulia ndani ya kopo akaona mchanga tu.

"Mmebeba nini humo?"

"Betri," akasema Mama Pasi.

"Ya nani?"

Mama Pasi alifungua mdomo, lakini mkwe wake alimtangulia.

"Yangu," akasema, macho mbele, akaendelea kutembea.